Mhandisi Aliyesubiri Mvua

Ekari sita za Luchelele, mteremko wa mawe na mihogo,
baba alituachia sisi watatu,
tukakubaliana, kwa mara ya kwanza tangu matanga,
kukata viwanja ishirini na vinne,
tuchonge barabara, tuuze, tugawane.
Mimi nikapewa daftari na kazi ya kutafuta kampuni,
kwa kuwa nilikuwa mhasibu wa ushirika wa pamba
na ninaijua, walisema, sura ya risiti ya uongo.

Wa kwanza alikuja na gari lenye kiyoyozi.
Hakushuka. Aliteremsha kioo nusu,
akanipa mchoro unaong'aa kama kalenda ya benki:
minazi (minazi, Luchelele!)
na watoto wakiendesha baiskeli
pale ambapo hata mbuzi hujishauri kwanza.
Nikauliza: jiwe hili, kubwa kama darasa, mmeliweka wapi?
Akacheka. "Hilo, mama, ni suala la utekelezaji."

Wa pili alikuwa nafuu kwa milioni kumi na moja.
Kaka yangu Lugembe alimpenda palepale.
Kupima udongo? Udongo ni udongo.
Mtaro? Wanunuzi watajichimbia.
Leseni ya bodi ilikuwa "inashughulikiwa",
na muhuri ulitoka mfukoni mwa suruali,
wino bado mbichi.

Wa tatu alitembea kutoka kituoni,
mwanamke mfupi, Mhandisi Kokushubila,
nyundo kiunoni, soli zimelika upande mmoja.
Aligonga mawe, akayasikiliza.
Alichota udongo wa juu, ukamponyoka vidoleni. "Luseni."
Mhaya yule, akiutaja udongo wetu kwa Kisukuma.
Akashuka hadi kwenye matete, akachimba kwa kisigino,
ukamganda. "Na hii ni mbuga.
Kiangazi inapasua kuta, masika inavimba na kuzinyanyua."
Kisha akauliza:
"Mvua ikinyesha, maji yanapita wapi?"
Tukatazamana. Sisi tuliozaliwa hapa.

Akasema hatatoa bei mpaka aone.
Wiki tatu.
Lugembe alinipigia kila jioni:
yaani tunamlipa mtu kungoja mawingu?
Hatukuwa tumemlipa hata shilingi.

Vuli ilifika Jumanne alfajiri, ikitokea ziwani.
Nilimkuta ameshatangulia, buti za mpira,
anachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu
kila mahali maji yalipochagua njia.
Tukavifuata: kati ya kiwanja namba tisa na kumi,
chini ya ua wa minyaa,
hadi ndani ya jiko la Bi Nyamwiza,
naye amekaa juu ya meza na kuku wawili,
anachota maji kwa sufuria, wala hakushangaa kutuona.
"Baba yenu alikuwa akizibua mfereji kila Septemba," alisema.
"Mwaka huu sikumsikia mtu akilima."

Ule mfereji.
Mimi nilidhani ni tuta la viazi lililoanguka.

Bei ilikuja Ijumaa, kurasa kumi na nne.
Mtaro wa mawe, kalvati mbili,
na sentensi moja isiyo na mapambo:
viwanja namba tisa na kumi visiuzwe, viachiwe maji.
Lugembe alinyamaza kwenye simu
mpaka nikadhani salio limekwisha.
Holo aliuliza tu kama namba tisa ndiyo ile yenye upepo,
kwa sababu hiyo alikuwa ameshaiahidi moyoni mwake nyumba.

Nilipunguza alichokubali kupunguza: posho, rangi ya vibao.
Kwenye kalvati hakuteremka hata mia.
Tulisaini juu ya lile jiwe kubwa,
asilimia thelathini mkononi, salio kwa hatua,
na jiwe lenyewe limo kwenye ramani,
barabara inalizunguka.

Usiku nikafungua daftari, safu ya hasara,
nikaandika: viwanja viwili.
Kisha nikafuta neno hasara
na sikupata lingine la kuweka juu ya ile safu.

Jumatatu katapila linapanda.
Lugembe bado hapokei simu.